Kushuka Shimoni: Matembezi Mahali pa Jinai ya Kale

Matembezi ya jinai ni ziara ya miguu ambayo mwongoza wageni huwapitisha watu katika mji au mtaa wa kale, akisimama kila mahali palipotendeka mauaji, utekaji au biashara haramu na kueleza kilichotokea. Mji unaojulikana zaidi kwa ziara hizi ni London. Katika mitaa ya Whitechapel, ambako wanawake watano waliuawa kati ya Agosti 31 na Novemba 9, 1888 na mtu ambaye hakukamatwa kamwe, vikundi vya wageni huzunguka jioni kwa jioni. Pwani ya Kenya haina mtaa unaotembezwa kwa sifa ya muuaji mmoja. Matembezi yaliyo karibu zaidi na hayo yako Shimoni, kijiji cha wavuvi kusini mwa Msambweni katika Kaunti ya Kwale. Jinai inayosimuliwa huko ni ya biashara nzima: kukamatwa, kufichwa na kuvushwa kwa watu waliouzwa utumwani katika karne ya 19.

Mwaka 1996 wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian, John Lennon na Malcolm Foley, waliupa jina la Kiingereza utalii wa kuzuru mahali pa mauti na mateso. Kwa Kiswahili waweza kuitwa utalii wa majonzi. Katika fungu hilo imo kambi ya Auschwitz nchini Poland, yamo makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi mjini Kigali, na limo soko la zamani la watumwa la Mkunazini, Unguja. Shimoni ni mdogo wake Mkunazini. Mgeni hufika akitarajia kusikitishwa, na mwenyeji hujua kwamba masikitiko hayo yana bei. Kwa sababu hiyo ubora wa matembezi hupimwa kwa jinsi mwongozaji anavyotenganisha mambo matatu: kinachoonekana kwenye jiwe, kinachosemwa na wazee, na kilichoongezwa ili tiketi iuzike.

Kijiji na pango

Shimoni iko kiasi cha kilomita 80 kusini mwa Mombasa. Anayetoka Ukunda hushika barabara ya Lunga Lunga, hupita Msambweni na mashamba ya miwa ya upande wa Ramisi, kisha hukata kushoto mpaka barabara inapokomea baharini. Mbele yake, ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari, kimelala kisiwa cha Wasini, makao ya Wavumba na lahaja yao ya Kivumba. Nyuma ya Wasini ndiko kwenye Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, na nyuma ya hifadhi kuna Mlango wa Pemba, bahari yenye kina kirefu na upana wa takribani kilomita 50.

Jina la kijiji linajieleza lenyewe: ni mahali penye shimo. Ardhi yake yote ni matumbawe ya kale, mwamba uliokuwa chini ya maji wakati bahari ilipokuwa juu zaidi ya ilivyo leo. Bahari iliporudi nyuma mwamba ulibaki juu, na maji ya mvua yakaanza kuutafuna kwa ndani, pole pole, kwa maelfu ya miaka. Ndivyo yalivyopatikana mapango ya Shimoni na yale ya Fikirini, mwendo mfupi kutoka hapo. Pango kuu liko hatua chache kutoka gatini. Juu yake kumeota miti, na asiyeonyeshwa mlango anaweza kupita asijue kwamba chini ya nyayo zake pana ukumbi.

Mahali hapa palimfaa yeyote mwenye shehena ya kuficha. Kisiwa cha Wasini huikinga bandari na mawimbi, kwa hiyo chombo kingeweza kutia nanga salama katika misimu yote miwili ya pepo. Mombasa, yenye liwali na baadaye wakala wa balozi wa Uingereza, ilikuwa mbali. Pemba, iliyohitaji mikono ya kuchuma karafuu, ilikuwa mwendo wa usiku mmoja kwa mashua yenye upepo mzuri.

Ilikuwa jinai kwa sheria ipi?

Mgeni anayeambiwa kwamba Shimoni palitendeka jinai ana haki ya kuuliza ni sheria gani iliyovunjwa. Jibu lake lina ngazi kadhaa, na mwongozaji asiyezijua huishia kusimulia karne nzima kana kwamba ilikuwa siku moja.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, kununua na kuuza watu kulikuwa halali katika milki ya Sultani wa Zanzibar, na pwani ya Kwale ilikuwa ndani ya milki hiyo. Uingereza iliibana biashara hiyo kwa mikataba, mmoja baada ya mwingine. Mkataba wa Moresby wa 1822 ulimzuia Sultani Seyyid Said kuwauzia watumwa raia wa mataifa ya Kikristo. Mkataba wa Hamerton wa 1845 ulikataza kuwapeleka Arabuni, lakini uliacha wazi usafirishaji kati ya bandari za Sultani mwenyewe za Afrika Mashariki. Pigo kubwa lilikuja Juni 5, 1873, pale Sultani Barghash, akishinikizwa na balozi John Kirk na kutishiwa manowari, alipotia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wote wa watumwa kwa bahari na kufunga soko la Mkunazini.

Biashara haikufa, ilipanda nchi kavu. Wafanyabiashara wa Kilwa, walipozuiwa baharini, waliwaswaga mateka kwa miguu kuelekea kaskazini kando ya pwani. Frederic Elton, naibu balozi wa Uingereza aliyetumwa kuitazama njia hiyo, aliwahesabu watu zaidi ya 4,000 waliopitishwa mbele yake katika muda wa mwezi mmoja, mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874. Misafara iliyofika mbali zaidi ilivuka Pangani, ikaingia Vanga na kusonga mbele. Mwaka 1876 Barghash akatoa matangazo mawili ya kuikataza misafara hiyo nayo.

Wakati uo huo uhitaji ulikuwa umepanda. Tufani ya Aprili 1872 iliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba haikudhurika sana. Kwa miaka kadhaa iliyofuata Pemba ndiyo iliyoshika biashara ya karafuu, na wenye mashamba walitaka wachumaji kwa bei yoyote. Mateka walivushwa usiku katika vyombo vidogo kutoka vijito vya pwani ya bara. Manowari HMS London, iliyotia nanga Zanzibar kuanzia 1874 hadi 1883, ilituma boti zake kuvizia katika maji ya Pemba. Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Desemba 1881 nahodha wa manowari hiyo, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokisogelea chombo kilichopandisha bendera ya Ufaransa huku kimepakia watumwa. Kama matembezi ya pwani ya kusini yanataka kisa kimoja chenye tarehe, marehemu na watuhumiwa, hicho hapo.

Lakini mikataba hiyo iligusa usafirishaji na masoko, haikugusa umiliki. Tangazo la 1890 lilipiga marufuku kuuziana watumwa. Hadhi ya utumwa mbele ya sheria ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Kwa hiyo mtu yuleyule, mnyororo uleule, alikuwa bidhaa halali mwaka 1872 na magendo mwaka 1874. Akishafikishwa shambani pasipo kukamatwa, alihesabiwa mali ya bwana wake mpaka mwaka 1897 akiwa Pemba, au mpaka 1907 akiwa pwani ya Kenya. Ilikuwa jinai kumvusha. Kukaa naye haikuwa.

Kuna pia waliofika utumwani bila kutekwa. Njaa kali ya mwaka 1884 iliwalazimisha Wamijikenda wengi kuwaweka watoto na jamaa rehani kwa watu wa pwani ili wapate chakula. Rehani ilikusudiwa kukombolewa baada ya mavuno. Pale mavuno yalipochelewa, au mdai alipokuwa mtu asiye na haya, aliyewekwa rehani aliuzwa. Katika vijiji vya Wadigo na Waduruma kumbukumbu hiyo ni chungu kuliko ile ya misafara, kwani aliyemtoa mtoto alikuwa baba au mjomba.

Njia ya matembezi

Wageni wengi hawaendi Shimoni kwa ajili ya pango. Hununua safari ya kutwa kutoka Diani, hotelini au kwa mabichiboi ufuoni: basi la asubuhi, mashua ya Kisite kutazama pomboo na kuogelea juu ya matumbawe, chakula cha kaa na samaki Wasini, kisha kurudi. Pango hupewa saa moja au chini ya hapo, kati ya mashua na basi, nguo za kuogelea zikiwa bado mbichi. Mwongozaji ana dakika chache za kuwatoa watu katika furaha ya pomboo na kuwaingiza katika habari ya minyororo.

Kwa hiyo matembezi yaliyopangwa vizuri huanzia gatini. Pale ndipo pa kueleza pepo. Kusi, inayovuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, hupeleka majahazi kaskazini kuelekea Arabuni na Ghuba. Kaskazi, ya Desemba hadi Machi, huyarudisha. Chombo kilichokosa upepo kilingoja, na shehena yake ilingoja pia. Mgeni akilishika hilo, huelewa kwa nini biashara hii ilihitaji mahali pa kuweka watu: ghala la wanadamu lilitokana na kalenda ya upepo.

Gatini ndipo pia pa kueleza maneno. Kiswahili cha pwani kilikuwa na jina la kila daraja la utumwa. Aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi, aliitwa mjinga. Aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia. Mwanamke alikuwa mjakazi, na aliyetoroka alikuwa mtoro. Kinyume chao wote alikuwa mwungwana. Watumwa wa mjini walikodishwa kwa siku, wakipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kazi, na sehemu ya ujira iliishia mkononi mwa bwana. Kutokana na kijikaratasi hicho lugha ikapata neno kibarua. Mpagazi anayeshusha saruji Ukunda leo husema anatafuta kibarua, na aliyetimuliwa kazini husema kibarua kimeota nyasi. Wala hakuna anayekumbuka karatasi ya bwana. Mwongozaji akilitaja neno hili, wageni wanaosema Kiswahili walio katika kundi hugeuka kutazamana kabla hata Wazungu hawajatafsiriwa.

Kituo cha pili ni jengo la zamani la utawala wa Kiingereza, lililokarabatiwa na kuwekwa makumbusho ya utumwa. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888, ilikuwa na kituo Shimoni kabla ya serikali ya Uingereza kuitangaza nchi kuwa himaya yake mwaka 1895. Mwanzo wa ukoloni wa Kenya ulipita hapa, na magofu yaliyobaki kijijini ni ushahidi wake. Kituo hiki ndicho kinachozuia hadithi isiwe ya mashujaa weupe na mashetani weusi. Kampuni hiyohiyo ilipotaka amani na matajiri wa pwani, haikuwaachia huru watoro wote kwa amri. Januari 1, 1889, George Mackenzie wa kampuni hiyo alitoa hati za uhuru kwa watoro 1,421 waliokuwa wamekimbilia vituo vya misheni huko Rabai na kwingineko, baada ya kukubali kuwalipa fidia mabwana zao. Waliolipwa walikuwa waliomiliki. Waliomilikiwa walipewa karatasi.

Mwongozaji mwenye muda huongeza Gazi, kijiji kilicho njiani kurudi Diani, alikoishi Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Mtu huyu huwasumbua wanaotaka historia yenye rangi mbili. Aliwahi kushindana na Sultani kwa miaka mingi, na mwaka 1895 alijiunga na vita vya Wamazrui dhidi ya Waingereza. Agosti mwaka huo ngome yake ya Mwele ilichomwa na jeshi la Admirali Rawson, na mwaka 1896 akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Vitabu vya shule humweka katika orodha ya waliopinga ukoloni. Katika jeshi lake walikuwamo watumwa na watoro, na utajiri wa ukoo wake ulijengwa juu ya mashamba yaliyolimwa na watumwa. Yote mawili ni kweli, na matembezi mazuri huyasimulia yote mawili.

Kituo cha mwisho ni pango lenyewe. Ngazi hushuka kutoka kwenye mwanga mkali wa kichaka hadi kwenye giza lenye unyevu. Kwa dakika ya kwanza macho hayaoni kitu, pua ndiyo inayofanya kazi: harufu ya kinyesi cha popo na ya udongo ambao haukauki. Kisha ukumbi hujitokeza. Mwamba wa juu umetoboka mahali, na katika tundu hilo mizizi ya mti imening'inia kama kamba za chombo kilichoshusha tanga. Chokaa imedondoka na kuganda ikafanya nguzo. Upande mmoja pango huelekea baharini. Mwongozaji huwapeleka wageni ukutani na kuwaonyesha vyuma vilivyopigiliwa katika jiwe, vyekundu kwa kutu, vingine vimelika hadi kubaki kisiki. Inasemwa kwamba hapo ndipo waliofungwa walipofungiwa, wakingoja jahazi.

Jiwe, mzee na tiketi

Hapo kwenye chuma ndipo kazi ngumu inapoanza. Chuma hakina maandishi. Kinaonyesha kwamba mtu alitoboa jiwe akapigilia kitu. Kutu yake haisemi ni mwaka gani, kwa sababu hewa ya chumvi hukila chuma cha miaka 30 kwa ukali uleule inaokila cha miaka 130. Anayesema kwamba chuma hiki kilimshika mtu hutegemea masimulizi, na masimulizi ya Shimoni ni zaidi ya moja.

Mwanaakiolojia Mkenya Herman Kiriama alifanya utafiti wa uzamifu kuhusu mapango haya katika Chuo Kikuu cha Deakin, Australia, akaukamilisha mwaka 2009. Alichokichunguza hasa ni kumbukumbu: wenyeji wanasema nini juu ya pango, na wanayoyasema yanahusianaje na yale wanayoambiwa watalii. Kwa wenyeji pango lina maana zilizotangulia tiketi. Ni mahali patakatifu, pa mizimu, ambapo watu wamekuwa wakienda kuomba na kuweka nadhiri. Ni maficho pia, mahali watu walipojisetiri adui alipovamia. Simulizi la ghala la watumwa lilipata nguvu na ubao wake wa barabarani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kijiji kilipoanza kulifungua pango kwa wageni kama mradi wa jamii.

Hali hii si ya Shimoni peke yake. Katika kisiwa cha Gorée nchini Senegali, kilichoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1978, kuna Nyumba ya Watumwa yenye mlango mwembamba unaotazama bahari. Kwa miaka mingi mlinzi wake, Boubacar Joseph Ndiaye, aliwasimulia wageni kwamba mamilioni ya watu walipita katika mlango huo. Katika miaka ya 1990 wanahistoria, akiwemo Philip Curtin, waliikana hesabu hiyo, wakionyesha kwamba nyumba ile ilikuwa makazi ya mfanyabiashara na kwamba Gorée ilisafirisha sehemu ndogo tu ya watumwa wa Afrika Magharibi. Mkunazini nako, vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kama mahabusu ya watumwa viko chini ya jengo la misheni lililosimamishwa baada ya soko kufungwa.

Wapo wanaohitimisha kutokana na mifano hii kwamba matembezi ya namna hii ni uongo mtupu. Hitimisho hilo linakosea. Utumwa wa pwani ya kusini haujengwi juu ya kijichuma kimoja. Umo katika mikataba, katika ripoti za mabalozi na madaftari ya misheni, katika mashamba ya Pemba, na katika neno kibarua. Kinachojadiliwa ni kazi ya chumba kimoja, si kuwapo kwa biashara. Mwongozaji mwenye ujuzi anaweza kulisema hilo palepale mbele ya chuma bila kuwapoteza wageni wake. Husema: hiki ndicho kilichopo ukutani, hivi ndivyo wazee wanavyoeleza, na huu ndio ushahidi wa maandishi kuhusu mateka waliopitishwa katika pwani hii. Mgeni anayepewa vitu hivyo vitatu katika mikono mitatu huondoka na imani kubwa kuliko aliyepewa vyote katika bakuli moja.

Kazi ya mwongozaji

Kenya ina mtihani wa waongoza watalii unaosimamiwa na chama chao cha kitaalamu, wenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Mtihani huo umezaliwa mbugani, kwa hiyo ndege, wanyama na mimea vina nafasi kubwa ndani yake. Anayetembeza kijiji chenye historia ya jinai huhitaji mambo ambayo mtihani wa simba haufundishi. Mali kale, kwa upande wake, hulindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya 2006. Mwenye kuchonga ukuta wa pango au kuongeza chuma kipya ili picha ipendeze anaharibu ushahidi, hata kama nia yake ni kuukoleza.

Jambo la kwanza ni kuwapa nafasi waliotendewa. Matembezi ya Whitechapel yalilaumiwa kwa miaka mingi kwa kumpamba muuaji na kuwaacha wanawake watano wakiwa maiti tu. Mwaka 2019 mwanahistoria Hallie Rubenhold alichapisha kitabu kuhusu maisha ya wanawake hao kabla ya kuuawa, na lawama hiyo ikapata mizizi. Shimoni haina majina ya waliopita pangoni, lakini ina njia walizotoka, kazi walizofanyishwa, na ujanja wa watoro waliowakwepa mabwana. Mwongozaji anayeanza na mtoro humfanya mtumwa kuwa mtu mwenye akili na azma, kabla ya kumfanya kuwa mfungwa.

Jambo la pili ni majirani. Wazao wa waliomiliki na wa waliomilikiwa wanaishi mtaa mmoja, wameoana, wanaswali safu moja. Kumwita mtu mzao wa mtumwa bado ni tusi linaloweza kuvunja posa. Kwa hiyo mwongozaji hanyooshei nyumba kidole wala hataji koo. Vilevile haitupi biashara nzima mabegani mwa Waarabu peke yao. Wapo waliokopesha mtaji, wengi wao wafanyabiashara wa Kihindi. Wapo waliouza kutoka bara, wapo Waswahili waliosafirisha, na wapo wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliotaka karafuu na pembe za ndovu bila kuuliza zimebebwa na nani.

Jambo la tatu ni adabu ya mahali. Mfano mzuri uko karibu, katika Kaya Kinondo ya Wadigo, kusini mwa Diani, moja ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni wa kaya hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia msituni, na huambiwa mapema nini kisiguswe, nini kisichukuliwe, na wapi kamera ifungwe. Hakuna anayelalamika, masharti yenyewe humwambia kwamba anaingia kwa watu. Pango la Shimoni, ambalo nalo ni mahali pa kuomba, linastahili masharti kama hayo. Mzaha wa kumvisha mgeni mnyororo apigwe picha hauna nafasi mahali ambapo bibi wa kijiji huja kuweka nadhiri yake.

La nne ni fedha. Kiingilio cha pango hukusanywa na kamati ya kijiji, na mapato yake yamesaidia shule, matibabu na mahitaji mengine ya wenyeji. Lakini sehemu kubwa ya pesa ya safari ya kutwa hubaki Diani, kwa mwenye basi, mwenye mashua na aliyekula komisheni. Pango hupata mabaki ya shilingi kama lipatavyo mabaki ya saa. Matembezi ya nusu siku yanayojitegemea, yenye gati, makumbusho, pango na mlo kijijini, yangeacha fedha zaidi pale pale Shimoni, na yangempa mwongozaji muda wa kusema ukweli mrefu badala ya uongo mfupi.

Jinai zisizotembezwa

Pwani ya kusini ina jinai za karibuni zaidi, ambazo hazina ubao wala tiketi. Usiku wa Agosti 13, 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kuchukua silaha, kisha wakawageukia watu waliohesabiwa kuwa wa bara. Machafuko yalienea hadi Kwale. Zaidi ya watu 100 waliuawa na kiasi cha 100,000 wakakimbia makwao. Uchunguzi uliofuata, ukiwemo wa Tume ya Akiwumi iliyoundwa mwaka 1998, ulifuata nyayo za siasa za uchaguzi wa mwaka ule. Msitu wa Kaya Bombo, katika Kwale, ulitajwa kuwa mahali vijana walipokula kiapo na kufunzwa.

Hakuna anayewapeleka watalii Kaya Bombo, na kwa sasa hilo ni sawa. Wajane wa 1997 wako hai. Baadhi ya waliokimbia wamerudi, wengine hawakurudi, na waliochoma wananunua samaki soko moja na waliochomewa. Kesi ya namna hiyo huhitaji kwanza mahakama, fidia na mnara wenye majina, kisha vizazi kadhaa, ndipo yaje matembezi. Kaskazini zaidi, huko Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, na mapema kabisa serikali ilizungumzia kuugeuza msitu huo kuwa mahali pa kumbukumbu. Yanayohitajiwa na Shakahola na yanayohitajiwa na Shimoni yanatofautiana kwa umbali wa wafiwa: kule bado wanatafuta mwili wa kuzika, huku wanatafuta jina la kutaja.

Umbali huo wa miaka ndio unaoruhusu Shimoni kutembezwa, na ndio huohuo unaomruhusu mwongozaji kuongeza chumvi bila kupingwa na shahidi. Kundi likishapanda ngazi na kurudi kwenye jua, kwa kawaida mtu mmoja huuliza: ni wangapi waliopita hapa? Anayeijua kazi yake humjibu kwamba Elton alihesabu zaidi ya 4,000 kwa mwezi mmoja kwenye njia ya Kilwa, kwamba pangoni hakuna aliyekuwa akihesabu, na kwamba vyuma walivyoviona ukutani ndivyo vilivyopo. Kisha huwarudisha gatini, ambako Wasini inaonekana wazi na Pemba imefichwa nyuma ya upeo wa bahari.